Kitambaa cha Sitini na Tano: Maisha ya Bi Zuleha Yakoub

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye katika hesabu yake hakuna mja anayesahaulika.

Bi Zuleha binti Yakoub alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mwera, Pangani, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yakoub Massoud na marehemu Bi Tabia. Alisoma shule ya msingi hukohuko Mwera, kisha sekondari mjini Tanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Baadaye alifunzwa kazi ya kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa viungo. Mwaka 1990 alipangiwa zahanati ya Kigombe, na hakuhama tena.

Mtu akipita, marehemu alimtazama nyonga, magoti na nyayo kabla ya uso. Ndivyo alivyompata mumewe, Bwana Idarusi Sadalla, fundi seremala aliyekuja zahanati kurekebisha mlango.

"Kaka, hilo begi la misumeno unalibeba bega la kulia tu. Unatembea umelala upande."

"Nimekuja kutengeneza mlango, dada, si kutengenezwa."

Kesho yake alirudi, begi likiwa bega la kushoto. Walioana tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto wawili.

Kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa migongo ya wakulima wa mwani. Aliwakanda, wakapata nafuu, wiki ya pili wakarudi vilevile. Naye alikuwa na shamba lake la mwani, akiinama majini pamoja nao kabla ya kwenda kazini. Mwaka 2015 alipeleka wilayani majina ya wagonjwa ishirini na tisa. Daktari Tadeo akamuuliza, "Hawa ni kati ya wangapi? Bila kuwajua wazima, nitajuaje kama ni mwani au ni umri?"

Alirudi kuwahesabu wote, wazima na wagonjwa. Bi Sabiha, mkubwa wao, akamkatalia. "Watu hawahesabiwi, mwanangu. Wakihesabiwa hupungua."

"Na vitambaa je, shangazi?"

"Vitambaa vikipungua tutajua umedekia sakafu."

Basi akatundika kamba mbili: moja ya wanaofunga miche ya mwani wakiwa wameinama majini, nyingine ya wanaofungia pwani wameketi. Kila mwanamke alijifungia mwenyewe kitambaa, chekundu kama mgongo unamuuma, cheupe kama ni mzima. Kamba ya majini ilikuwa na vitambaa sitini na vinne, vyekundu arobaini na kimoja. Ya pwani hamsini na vinane, vyekundu kumi na vitatu. Daktari Tadeo alipoziona hakuuliza tena. Bwana Idarusi alichonga meza za kufungia mwani, na marehemu akawafundisha kuinama kwa nyonga na magoti, si kwa kiuno. Wengi wenu mliopo hapa mnainama hivyo mpaka leo.

Mwaka 2023 maumivu ya mgongo yalimzidi. Aliyadhania ni yaleyale ya zamani, ambayo hakumwambia mtu. Alipokubali kupimwa, mwaka 2025, ugonjwa wa saratani ulikuwa umeshaenea kwenye mifupa. Daktari aliyempima alisema haukuletwa na kuinama, ila ulijificha nyuma ya maumivu aliyoyazoea.

Bwana Idarusi alimuuliza, "Siku ile ya kamba, chako kilikuwa rangi gani?"

"Sikufunga. Mie ndiye niliyeshika kamba."

Mwezi uliopita aliomba aletewe kamba ya majini na kitambaa chekundu. Vidole havikuwa na nguvu, mumewe akamshikia ncha. Alipomaliza akasema, "Arobaini na mbili kati ya sitini na tano. Mpelekeeni Daktari Tadeo, mwambieni hesabu yangu ilikuwa pungufu." Bwana Idarusi aliipeleka mwenyewe.

Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 15 Januari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba. Tumechoka, lakini hatuna la kumuuliza Mola.

Ameacha mume, Bwana Idarusi, watoto, Nasri na Samiha, wajukuu wanne, ndugu zake Massoud na Suhaila, na wenzake wa kamba ile. Enyi wenzake, anayeumwa na aseme mapema, hata kama ndiye aliyeshika kamba.

Mola amlaze pasipo maumivu, mgongo wake upumzike. Amina.