Nilinyamazisha Redio ya Mama Rehema

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na Bwana asifiwe kwa ajili yako! Jambo langu ni dogo kama punje ya haragwe, lakini karibu linipoteze.

Mimi ni fundi wa redio katika milima ya Masisi, upande wa kuteremka Kirotshe. Kwenye kwaya yetu mimi ndiye mpiga gitaa. Nilikuwa na kiboksi nilichokitengeneza mwenyewe: unakikanyaga, na gitaa linaacha kuimba laini, linakwaruza kama mtu aliyelia mpaka koo likakauka. Watu walikipenda. Nami nilipenda kupendwa.

Niwaeleze taratibu. Ndani ya kiboksi mlikuwa na transista mbili za germaniamu. Transista ni kitu kidogo chenye miguu mitatu, kazi yake ni kukuza sauti. Za siku hizi ni za silikoni, na sauti yake kwenye kiboksi kama changu inakata kama wembe. Za germaniamu ni za zamani, sauti yake ni nzito, ina joto. Lakini ni dhaifu, na viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Kule Rubaya watu wanachimba mlima na kubeba madini mgongoni, ila transista haichimbwi. Mimi nilizipata tu ndani ya redio za wazee, na redio hizo zimekwisha. Nyingine zilichomwa pamoja na nyumba, nyingine zilitupwa njiani tulipokimbia vita.

Ndugu zangu, siku moja nikaziua zangu mwenyewe! Chuma changu cha kuchomelea nakipasha kwenye makaa, hakina kipimo. Kilizidi moto, zikafa zote mbili. Nikateremka Goma, nikauziwa za silikoni zilizopakwa rangi zifanane na germaniamu. Nikarudi na hasira.

Ndipo akaja Mama Rehema, mjane anayeuza maziwa, na redio ya marehemu mume wake ndani ya mfuko wa ngozi.

"Haizungumuze tena, kaka. Iangalie mbiyo, saa sita wanasomaka majina."

Majina hayo yanayosomwa redioni ni ya watu wanaotafutana na jamaa zao. Yeye na Rehema, binti yake, walipotezana barabarani siku ya kukimbia. Kila mtu anayemsalimia mama huyu anataja jina la yule anayemngoja.

Nikafungua. Ubovu ulikuwa kutu kwenye waya wa betri, kazi ya dakika chache tu. Lakini niliziona: germaniamu mbili, zile zinazosukuma sauti kwenye spika. Mkono wangu ukazitoa. Kinywa changu kikasema, "Mama, hii iko mufu. Vipande vyake havipatikane tena."

"Mufu? Juzi tu ilikuwa inaimba! Basi unipe mufu wangu, nimuzike mwenyewe."

Akaifunga ndani ya kitenge, akaondoka.

Jumapili gitaa lilinguruma, watu wakapiga vigelegele. Mama Rehema akanishika mkono mlangoni: "Kaka, leo gitaa yako imelia kama mimi." Ndugu zangu, tangu hapo sikuweza kuomba! Nilifumba macho, nikasikia spika isiyosema. Saa sita ya mchana ikawa adui yangu. Jumapili baada ya Jumapili nilikanyaga kile kiboksi, na ilikuwa kama ninamkanyaga yeye.

Mpaka siku moja, katikati ya wimbo, Bwana alinishika. Mguu ulikataa! Nikaweka gitaa chini, nikasema yote mbele ya kanisa.

Mama Rehema akasimama. "Kumbe njo wewe uliyeiua! Mimi naimba Haleluya, kumbe naimba na redio yangu!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na majina ya siku zote hizi, kaka? Nani aliyasikia?"

Kesho yake aliketi mbele ya meza yangu na redio yake. Nikakwangua kutu kwenye waya, nikazitoa transista ndani ya kiboksi; zikifa hizi, sina nyingine. Nikashika kila mguu wa transista kwa koleo, ili moto uishie kwenye chuma cha koleo usifike ndani. Nikaomba kwa sauti. Kabla ya saa sita, redio ikazungumza! Ashukuriwe Mungu!

Yakasomwa majina. La Rehema halikuwamo, na mpaka leo halijasomwa. Labda lilisomwa zile siku nilizozinyamazisha. Sijui. Mzigo huo bado ninao. Lakini uongo umeondoka, ninaomba tena, na Mama Rehema ananiletea maziwa. Kiboksi ni kitupu. Gitaa linaimba laini, na mpigaji hashangiliwi. Namshukuru Bwana hata kwa hilo.

Ndugu yangu, usiogope, Yeye atakushika mkono. Leo, kabla hujala, fungua sanduku lako, toa kile ulichochukua, ukipeleke kwa mwenyewe, na umwambie kwa kinywa chako ulichofanya.