Bi Mayowe na Kisu Kilichobadilishwa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii inapowafikia, wekeni kazi chini kidogo tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmewahi kumsikia bila kumjua. Ni yule msichana wa kwanza kuuawa katika ile filamu ya zamani ya muuaji wa hosteli. Yule wa chumba cha kufulia. Yule aliyepiga yowe hadi watu wakaomba taa za ukumbi ziwashwe. Mtaani walimwita Bi Mayowe. Bi Mayowe alifariki dunia wiki iliyopita.

Hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi cherehani. Naomba mlishike hilo: alikuwa fundi cherehani, tena wa magauni ya harusi, na maharusi walimpangia foleni.

Kwenye filamu aliingizwa na kaka yake. Huyo kaka ndiye aliyekuwa fundi wa vifaa. Damu ya bandia aliipika yeye, kwa sukari na rangi. Visu vya mpira alivichonga yeye. Siku msichana aliyepangiwa sehemu ile alipoingia mitini, kaka akamkimbilia mdogo wake.

"Kazi ya asubuhi moja tu, mdogo wangu," alimwambia. "Unapiga yowe, unakufa, unarudi nyumbani kula."

Dada akacheka, akaenda.

Wasikilizaji wapendwa, kisu kilimkata. Hakikuwa cha mpira. Kilikuwa kisu cha jikoni, na kilipita kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Yowe mlilosikia si maigizo. Ni mtu anaumia. Kamera haikuzimwa.

Vidole viwili havikukunjika tena. Gauni la bibi harusi halishonwi na vidole vitatu. Cherehani ikauzwa, na fundi akabaki kuwauzia mafundi wenzake vifungo na nyuzi.

Na lawama? Lawama zilimwangukia kaka. Mwongozaji wa filamu alisimama mbele ya wote akasema fundi wa vifaa ni mzembe. Kaka akafukuzwa. Hakuna aliyemwajiri tena kwenye filamu. Akaishia kupaka rangi mageti ya watu. Aliapa kwamba kisu alichokiacha mezani kilikuwa cha mpira. Nani wa kumsikiliza? Alimfuata dada yake hadi mlangoni, mara nyingi, ajieleze. Bi Mayowe hakufungua. Alimjibu akiwa ndani: "Mkono wangu umeshanieleza."

Hata kwenye msiba wa mama yao, mmoja alikaa upande huu, mwingine ule. Kaka akazeeka. Kaka akafa. Hawakuwa wamesemeshana.

Mwaka jana kampuni moja iliitoa filamu ile upya kwenye diski mbili, kwa watu kutazama nyumbani. Picha imesafishwa, sauti imesafishwa, na diski ya pili ina maelezo ya mwongozaji, mzee sasa, akisimulia alivyoitengeneza huku picha zikipita. Binti wa Bi Mayowe akainunua. Alitaka kumfurahisha mama yake.

Binti huyo ametusimulia. Walikaa sebuleni mchana, wakaweka maelezo yale. Likafika lile yowe. Mwongozaji akacheka. Akasema: "Hili ni la kweli. Yule msichana hakujua kuigiza kabisa. Nikabadilisha kisu mwenyewe, nikaweka cha jikoni. Fundi wetu, masikini, hakujua hadi leo!"

"Mama alisogea karibu na runinga," anasema binti. "Akaniambia, 'Rudisha nyuma.' Nikarudisha. Akasikiliza. Akaniuliza, 'Kasema nani alibadilisha?' Nikamwambia, 'Kasema yeye mwenyewe, mama.' Akainuka, akaenda kuvaa viatu."

Alikwenda kwa wifi yake, mjane wa kaka. Wifi alimfungulia, akampa kiti, mwenyewe akabaki amesimama.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi," alisema Bi Mayowe.

"Mwenyewe hayupo."

"Najua, wifi."

"Alikuwa anarudi kutoka kwako, anakaa hapo ulipokaa wewe, hasemi. Mimi radhi hiyo niiweke wapi?"

Bi Mayowe akainuka kwenye kile kiti.

Baadaye kampuni ilimwalika kwenye hafla ya kusherehekea diski zile. Mashabiki walijaa. Wakapiga makofi: "Yowe! Yowe!" Akapanda jukwaani, akainua mkono wake wenye vidole vilivyokufa. Akasema, "Kaka yangu hakuwa mzembe. Aliyenikata ameketi pale." Akamwonyesha mwongozaji. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vifijo. Walidhani ni sehemu ya burudani. Mwongozaji akasimama, akainama kama bwana harusi anayepongezwa.

Aliiomba kampuni iyaondoe maelezo yale, na imsafishe kaka yake hadharani. Wakamjibu kwa upole kwamba wanunuzi wanayapenda mno.

Binti anasema mama yake hakupona tangu siku ile ya ukumbini. Alikula kidogo, akaongea kidogo, hadi moyo ukasimama.

Wifi alikuja mazikoni. Alisimama mbali, peke yake. Nilimwendea, nikamuuliza kama alishamsamehe marehemu. Akaniangalia. "Sijamsamehe," akasema. "Nimekuja kwa sababu mume wangu angekuja."

Kwa binti wa marehemu, pole sana. Kwako wifi, na watoto wa fundi, poleni kwa misiba miwili. Tunalitamka hapa, kwa sauti ya redio hii, ambalo hakuna aliyelitamka fundi akiwa hai: fundi wa vifaa hakukosea.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, filamu ile mtaitazama. Iko madukani, na inauzika vizuri. Mkilifikia lile yowe, jiulizeni mnashangilia nini. Kisha muulizane, ndani ya nyumba zenu, ni ndugu gani mmemhukumu kwa maneno ya mtu baki.