Mama Shingo na Mgonjwa wa Nyumbani

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa, basi nivumilieni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma hadi sekondari, na mwaka 1985 akahitimu stashahada ya fiziotherapia, akaajiriwa hospitali ya wilaya, akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Huko hospitali ndiko alikopewa jina la Mama Shingo, maana kwa waliogonga kichwa, ambao madaktari wameshahakikisha ndani ni salama lakini maumivu yamegoma kuondoka miezi na miezi, yeye alianzia shingoni, akisema pigo linalotikisa kichwa haliiachi shingo, akatafuta kwa ncha za vidole misuli iliyokakamaa chini ya kisogo, akaikanda taratibu, kisha akawafunza mazoezi, wala hakuahidi miujiza, kuna aliowaambia wazi kwamba shida yao haiko shingoni.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, wakajaliwa binti mmoja, mwalimu, ambaye Februari 2023 aliteleza kwenye ngazi za shule akagonga kichwa, na tangu hapo kelele za darasa zikawa mateso, akachukua likizo, akaanza kusema ataacha kazi, huku wambea wakisema anadeka. Marehemu alikuwa na mwiko wa kutotibu ndugu, kwa kuwa ndugu hukwambia amepona ili usihuzunike, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akauvunja mwiko, na kweli, kila jioni binti alisema mama nimepona, huku vidole vya mama vikikuta shingo ngumu kama ubao. Jamani, dada alilia mbele yangu. Kesho yake akampeleka kwa mwenzake wa kazi wa zamani, akakaa nje kwenye benchi, na mle ndani binti akasema panapouma.

Oktoba 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatuambia hana ombi jingine ila amwone mtoto darasani kabla hajaondoka. Binti alirudi Januari 2024, kwanza nusu siku, kisha siku nzima, na dada alituamuru tumpeleke yeye kwa gari hadi geti la shule, akashusha kioo, akasikiliza kelele za watoto hadi kengele ilipolia, ndipo akasema haya, twendeni nyumbani. Alifariki huko nyumbani tarehe 9 Juni 2024, binti yake akiwa amemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukesha naye, walimu wote, na wewe mtaalamu unayejificha pale nyuma, njoo mbele bwana, ulimtibu mmoja wakapona wawili.

Dada, pumzika kwa amani, Jumatatu mwanao anaingia darasani.