Bi Nevyana Anastaafu, na Alhamisi Zetu Bado Hazina Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Nevyana Dragieva atakabidhi funguo za maktaba ya mji wetu kando ya mto Yantra. Wafanyakazi wenzake wameniomba mimi, mwanafunzi wa darasa la kumi, niandike wasifu huu kwa niaba ya kikundi cha hadithi anachokiongoza kila Alhamisi. Nimekubali kwa furaha na kwa wasiwasi, kwa sababu mpaka kijitabu hiki cha kumuaga kinakwenda kuchapishwa hatujaambiwa kama kikundi kitaendelea bila yeye.

Bi Nevyana alianza kwa kubandika lebo kwenye migongo ya vitabu. Kikundi kilizaliwa siku alipowasikia wasichana wakinong'onezana kuhusu tamthilia ya runinga ya jana yake. Mkutubi mwingine angewafukuza. Yeye alivuta kiti akauliza, "Haya, yule mpishi wa jumba la tajiri, anayepita na sinia tu, yeye anampenda nani?" Hakuna aliyejua. Akawapa karatasi.

Tangu hapo amefundisha kwa chochote tunachokipenda: tamthilia, mashindano ya nyimbo, katuni za Kijapani, hata ugomvi wa mashabiki wa mpira. Hajawahi kutucheka kwa kuvipenda. Anachokataa ni uvivu. Ukiandika kwamba mtu ana huzuni, karatasi inarudi: "Huzuni siioni, mwanangu. Amefanya nini na kijiko?" Mwenzetu Gergin, mpenzi wa hadithi za anga, aliwahi kuambiwa, "Chombo chako ni kizuri sana, lakini choo kiko wapi?"

Mwaka juzi alitupa zoezi la kuandika tangazo la msiba la mtu wa kubuni, mfano wa yale yanayobandikwa kwenye kila nguzo mjini. Gergin aliandika la Kapteni Radoy, mhusika kipenzi cha watazamaji wa tamthilia ya jioni, akatia na picha yake, akalibandika kwenye mlango wa maktaba ili tulione sote. Kabla ya mchana wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, wakiamini maktaba imepata habari mapema kutoka mji mkuu, Sofia. Bibi Tsona, jirani yetu, alileta bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kumkumbuka marehemu.

"Bibi, huyo si mtu wa kweli," Gergin alimwambia.

"Nyamaza wewe! Kila jioni nakula naye. Wewe umewahi kula na mimi lini?"

Tulijua tumekwisha. Bi Nevyana alikula ile ngano kwa heshima, akamwomba Bibi Tsona msamaha, kisha akatugeukia. "Mmemliza mtu, basi mmeandika. Sasa mfufueni. Na akirudi awe na njaa, maana aliyetoka kufa haanzi na hotuba." Tulimfufua kwa hadithi mpya. Bibi Tsona alisikiliza hadi mwisho, akasema ile supu aliyopewa Kapteni ilikosa chumvi. Siku hizi ni mwanakikundi, na ndiye mkali kuliko wote.

Bwana Plamen Kostov, atakayeshika nafasi ya Bi Nevyana, ametuambia kwa uungwana kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, hadithi hazijui, na chumba cha nyuma tunamokutania huenda kikahitajika kwa mashine. Tangu hapo tunafika mapema, kana kwamba kuna mtu atachukua viti.

Alhamisi iliyopita Bibi Tsona hakuvumilia. "Nevyana, unatuacha na nani?"

Bi Nevyana alisema kwamba miaka yote amesahihisha hadithi zetu, lakini hajawahi kutusomea hata mstari mmoja wake. Anayo hadithi. Anaogopa. "Nitaisoma Alhamisi ya kwanza ya Julai, nikiwa mwanakikundi kama nyinyi. Mkinihurumia nitajua."

Bwana Plamen alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kwamba chumba kitabaki chetu. Aliuliza tu nani huwa anawasha birika la chai yetu, na saa ngapi.

Bi Nevyana, asante kwa kila karatasi uliyoturudishia. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na wasikilizaji wakweli. Alhamisi hiyo tutakuja, hata kama itabidi tukusikilize tukiwa tumesimama uani.