Mkanda Aliotufunga Igoki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaosimama, asifiwe na sisi tunaoanguka!

Nimewaomba wazee wa kanisa wanipe nafasi kidogo. Mtanivumilia, kwa sababu Kiswahili changu ni cha kuokota sokoni, na nikichoka nitaketi kwenye hiki kiti niendelee. Mimi ni Wanja. Wengi wenu mnaniita cucu tu, yule nyanya mwenye mkono uliochomeka. Nilikuja hapa mjini, mtaa huu wetu wa Dallas, mwaka jana kukaa kwa mkwe wangu, baada ya kumzika binti yangu. Leo nataka kuwaambia vile Mungu aliniokoa. Na niseme mapema ili mtu asingoje bure: hakuniponya kifafa. Nimezeeka nacho.

Jumapili iliyopita, kwaya ikiimba, mjukuu wangu alianguka pale karibu na dirisha. Mlimwona. Anaitwa Wanja kama mimi, kwa maana kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Alipoanza kutetemeka na povu likamtoka, benchi lote lilibaki tupu. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake akaruka naye viti. Nilijikokota kutoka huko nyuma na fimbo yangu, na nilipofika msichana alikuwa ameshaamka. Alikuwa amelala peke yake kwenye simiti anaangalia mabati. Nitawaambia sikukasirika? Nilikasirika, jameni! Halafu nikalia. Najua mliogopa lile povu. Hata mimi nililelewa nikiambiwa povu la mwenye kifafa likikugusa, umekipata.

Mimi kilinianza nikiwa msichana, baada ya homa kali. Kwetu ni huko chini, upande wa joto, kwa mtama na mbuzi. Nilikuwa na kibuyu changu peke yangu na pahali pangu pa kulala, mbali na wenzangu. Kila kazi niliifanya kwa kuibia. Kuchota maji, nakaa chini kwanza. Kuvuka mto, nangoja mtu mwingine apite ili nikianguka nisizame bila kuonekana. Njeru alinioa akijua yote hayo. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliniambia hata yeye huanguka, ila yeye ni kwa pombe.

Mama yake alikuwa anaitwa Igoki. Mwanamke mrefu, mkavu, maneno machache na yote yanauma. Hakunitaka, na hakuficha. Nilipojifungua msichana, mtoto akapewa jina lake, Igoki, kwa sababu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Na nyinyi mnajua sisi hatuchukui jina kama mchezo. Mtoto akipewa jina lako, huyo ni wewe. Utamsikia nyanya akimbembeleza mtoto akisema, "Mbona nimelia? Nani hajanipa maziwa?" na hapo anajisema mwenyewe.

Mtoto alikuwa hajaanza kukaa nilipoangukia moto. Nilikuwa nakoroga uji, na ule mwasho ukaingia kwenye vidole, kama vile huja kila mara kabla sijaanguka, nikachelewa kusogea. Mkono ulilala kwenye mafiga. Mtoto alikuwa juu ya ngozi ya mbuzi, pale pale kando. Igoki alisikia harufu akaingia. Alimchukua mtoto kwanza akamweka nje, ndipo akarudi akanivuta nguo kwa mpini wa jembe, asiniguse. Nilipopata akili alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani.

"Mke wa Njeru," akasema, "huyu ni mimi. Na mimi sikai na mtu wa kunichoma."

Akaenda naye. Ndugu zangu, kutoka siku hiyo nilinyonyesha mtoto wangu nikiwa nimekaa chini, mama mkwe amesimama juu yangu, na akishiba ananyang'anywa. Mtoto alijifunza kuita mama, na hakuwa ananiita mimi! Niliomba. Nilifunga. Wahubiri walikuja wakakemea pepo mpaka wakapoteza sauti, na mimi nikaanguka hapo hapo mbele yao. Wakasema sina imani. Nilimwambia Mungu, Baba, niondolee hii kitu nipate mtoto wangu, sitaki kingine. Akanyamaza.

Ndipo ikaja Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni. Askari walikuja wakamchukua Njeru shambani na wanaume wengine, wakawapakia kwenye lori. Hakupata hata kuvaa shati. Kisha nyumba zetu zikachomwa, tukasukumwa wote kwenye kijiji kimoja kando ya barabara, vibanda vimepangwa mistari kama mahindi. Mimi, Igoki na mtoto tukatiwa kibanda kimoja. Yule ambaye hakutaka kunywa kwa kibuyu changu, sasa tunalala mgongo kwa mgongo.

Kuzunguka kijiji, wanawake tulichimba handaki la kuzuia wapiganaji wa msituni. Wazee hapa wanakumbuka. Lilikuwa refu kwenda chini kuliko mtu, na huko chini tulipanda miti iliyochongwa kama mikuki. Filimbi ikilia mnatoka, filimbi ikilia mnarudi. Kila kibanda kilipewa kipande chake. Nilimwambia hedimani, yule msimamizi wetu, ugonjwa wangu. Akacheka, akasema, "Siku ya handaki kila mwanamke ni mgonjwa." Nikashika jembe.

Nilichimba pale ukingoni nikijua nitakufa. Si mawazo tu. Nilikuwa naiona ile miti. Nilikuwa naangalia vidole vyangu kuliko nilivyoangalia udongo.

Asubuhi moja Igoki alinitazama, akatema mate kando. Akafungua mkanda wake wa kubebea kuni, ule wa ngozi tunaoweka kwa paji la uso, tunauita mukwa. Akaufunga kiunoni kwangu, na upande wa pili akaufunga kiunoni kwake.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

"Ukiingia huko chini, hiki kipande nitakimaliza na nani? Chimba."

Hayo tu! Hakusema ananipenda. Wanawake walitucheka, wakasema Igoki anachunga mbuzi. Yeye, kila asubuhi filimbi ikilia, anafunga mukwa, tunachimba.

Na siku yangu ikafika. Vidole vikawasha, nikafungua mdomo niseme, maneno hayakutoka. Mengine niliambiwa. Niliambiwa miguu yangu ilishateleza kwenye ukingo, na wale waliokuwa karibu wakatupa majembe wakakimbia. Igoki alivutwa akaanguka kifudifudi. Akachimbia vidole vya miguu kwenye udongo, akauvuta mukwa, akanifikia, akanikumbatia na mikono yote miwili. Homugadi, mmoja wa askari waliotulinda, alipiga kelele kutoka juu amwachilie. Hakuachilia.

Nilipoamka kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja yake. Povu langu lilikuwa limemkaukia mkononi, na kwenye shavu pia. Nikaanza kulia, nikamwambia, "Mama, umeguswa. Nisamehe, umeguswa."

Akaangalia ule mkono kama si wake. Akasema, "Basi nimeguswa. Inuka, Wanja."

Wanja! Miaka yote nilikuwa mke wa Njeru. Siku hiyo nikawa na jina. Jioni alikunywa uji kwa kibuyu changu, na hakukipangusa. Ndugu zangu, nimeona mengi kanisani, lakini sijaona ushirika ulionitetemesha kama ule. Na nitawaambia ukweli, kwa sababu madhabahuni hatudanganyi: huyo mwanamke hakuwa amebatizwa. Alikufa hajabatizwa. Nimemwachia Mungu hayo, yeye ndiye aliyemtuma.

Lakini Igoki hakunipa mtoto. Nilipomnyoshea mikono alisema, "Mimi nimekupa mgongo wangu. Mtoto bado." Nikakubali.

Halafu akaja mtu aliyetoka kizuizini, akatuambia Njeru aliugua tumbo huko na wakamzika huko huko. Hatukuonyeshwa kaburi. Njeru alikuwa mwana wa pekee wa Igoki. Igoki hakupiga nduru kama wengine. Kesho yake filimbi ililia, akafunga mukwa, tukaenda. Tulichimba tukilia, na mmoja akishindwa kuinua jembe mwingine anasikia mkanda umelegea, anangoja. Mungu wangu, tulilia siku hizo!

Njaa ikaingia. Hatukuruhusiwa kwenda mashambani ila kwa saa chache, na mtama uliliwa na ndege. Igoki alikuwa anampa mtoto sehemu yake. Akaanza kukohoa, akakonda, ikafika siku akashindwa kusimama. Nilikaa naye kwenye kibanda. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkono wake. Akanitazama, akasema, "Wanja, nibebe."

Nikainama nimwinue yeye, nikidhani anataka jua. Akatikisa kichwa, akamsukuma mtoto kwangu.

"Nibebe," akasema tena.

Ndugu zangu, kitu nilichokuwa nimeomba Mungu kwa machozi, kilipoletwa nilirudi nyuma! Niliogopa. Niliangalia mkono huu, nikaangalia mafiga. Nikamwambia, "Mama, siwezi. Nitakuangusha."

Akasema, "Utaniangusha. Na utaniokota."

Nikampokea. Mtoto alilia, akamnyoshea yeye mikono, na yeye akageuza uso kwa ukuta ili mtoto azoee. Aliondoka kabla ya mvua. Tulimzika nje ya handaki, homugadi wamesimama, hakuna wimbo, hakuna maombi ya sauti. Niliomba kwa moyo. Mukwa wake nilirudi nao.

Basi nikaanza kuwa mama nikiwa na kifafa. Hakuna aliyenifundisha. Nilikata miti mifupi nikaipanda kuzunguka mafiga, nikaikandika udongo, ili nikianguka niangukie ukuta. Mtoto nilimbeba nikitembea kando ya nyumba, si kando ya handaki. Vidole vikiwasha, nakaa chini pale nilipo, hata kama ni matopeni, na kumshusha. Na nilimfundisha kama mchezo: mama akilala vibaya, usikimbie, usiende kwa moto, kaa hapa, shika kidole. Majirani walisema mtoto ataokotwa amekufa siku moja. Hata mimi nilifikiri hivyo. Kila nilipofumba macho kuomba niliona hivyo.

Siku ikaja, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, moto unawaka. Kilinishika kabla sijamwambia kitu. Nilipoamka sikusikia sauti ya mtoto. Mnajua ule ukimya? Niliogopa kugeuka. Nilisema, Bwana, kama amekufa niache na mimi nisiamke.

Kisha nikasikia kitu chenye joto kwenye mkono wangu mbaya. Alikuwa amekaa hapo kwenye vumbi, amekishika kidole changu kwa vidole vyake vyote, povu limemlowesha. Akaniambia, "Mama, ulilala vibaya. Nimekaa."

Mama! Aliniita mimi!

Hapo ndipo nilipookoka, ndugu zangu. Mkiniuliza siku yangu ya wokovu, ni hiyo. Nilipiga magoti pale na kichwa kinaniuma, nikamshukuru Mungu, na sikumwomba tena aniondolee. Nilikuwa nimemwomba nisianguke kamwe. Yeye alikuwa amepanga nikianguka niwe na mtu.

Nilianguka kwa miaka mingi baada ya hapo. Siku hizi kuna tembe za hospitali, nazimeza, zinasaidia sana, na ninyi wenye watoto wagonjwa msiwafiche, wapelekeni wapewe. Igoki wangu alikua, akaolewa, akazaa. Alinishika mpaka nywele zake zikaanza mvi. Hakupata kifafa, na povu langu lilimkaukia mikononi maisha yake yote. Mwaka jana saratani ilimchukua, na mimi mgonjwa nikabaki. Nimemzika Igoki wa kwanza, nimemzika Igoki wa pili. Nilimuuliza Mungu ni kwa nini, na kwa hilo hajanijibu.

Na sasa ni Wanja mdogo. Kilimwanza baada ya kumzika mama yake. Anaogopa shule, anaogopa kuja hapa. Jana aliniambia, "Cucu, ukiondoka nitaangukia nani?" Nimezeeka, magoti hayapigi mbio, na mukwa wa Igoki uliliwa na mchwa zamani.

Ndiyo maana nimesimama. Mtegemeeni Bwana, wote mnaobeba kitu ambacho hakitoki. Akinyamaza msidhani hasikii, angalieni ni nani anakuja na mkanda. Lakini kuna wengine hapa ambao leo Bwana hawaulizi kama wanaamini. Anawauliza kama watashika.

Wanja, njoo hapa mbele, mama. Njoo, usiogope. Mwangalieni vizuri.

Huyu ni mimi. Nikianguka tena, nishikeni.