Kwa Madamu Apollinarie, Aliyeitikia Jina la Msaliti

Mheshimiwa mwakilishi wa Bwana Meya. Bwana Prefe wa masomo, mkuu wa shule yetu. Baba Padri, Mchungaji, na wewe Shehe wangu unayenitazama kama mtu anayejua kwamba nitachelewesha chakula. Ndugu wajumbe wa komite ya wazazi. Waalimu wenzangu wapenzi. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wanafunzi mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimewaishia: jambo lenu wote.

Na kwako, Madamu Apollinarie, uliyekaa hapo mbele na kitenge kipya ukijifanya umekuja kumsindikiza mtu mwingine: jambo lako wewe peke yako.

Mimi ni Djamali, mwalimu wa historia. Wenzangu wamenituma nimuage Madamu anayeingia pensheni, naye amefundisha fasihi katika shule hii tangu wengi wenu hamjazaliwa. Kwa nini mimi? Walisema eti mtu aliyebishana naye zaidi ndiye anayemjua zaidi. Haya, nimekubali. Lakini mjue mmempa mtu mwenye ulimi wa ubishi kazi ya kusifu, na sitaki kusikia malalamiko baadaye.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya mashujaa. Nyinyi mliopita katika klasi yake mnawajua wale watu: mashujaa wa farasi wa zama za kati huko Ulaya, wenye panga zilizopewa majina kama watoto, wenye viapo, wenye wafalme wazee wanaolia ndevu zikiloa. Mimi, mtu wa tarehe na ushahidi, nilikuwa namuuliza mbele ya waalimu wote: Madamu, hawa watu walizaliwa lini? Nani aliwaona? Na hizo nguo za chuma, kwa joto hili la Uvira, si shujaa angeiva kabla adui hajafika? Waalimu walicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kumenya karanga zake, kisha akaniambia kwamba shujaa wa hadithi haulizwi alizaliwa lini, anaulizwa alibeba nini.

Aliwafundisha watoto wetu kwamba watu wa hadithi kubwa ni walewale kila mahali. Kuna shujaa, kuna mfalme aliyezeeka, kuna rafiki anayekufa naye, kuna mwanamke anayeona mbele kuliko wanaume wote na hasikilizwi. Aliwapandisha watoto hadi milimani, kwa akina babu wanaoimba masimulizi marefu huku wanatikisa kibuyu cha mbegu, akawaambia: sikilizeni, si ni walewale? Farasi hakuna, chuma hakuna, lakini watu ni walewale. Na watoto wa Katogota, ambao wazazi wao wanalima mpunga kule bondeni, walirudi nyumbani wakiamini kwamba babu yao naye anajua fasihi. Hilo peke yake lingetosha kumpa mtu kiti cha mbele leo.

Lakini alikuwa na somo moja ambalo wazazi hawakulipenda. Alisema katika hadithi hizo zote kuna pia msaliti, na kwamba msaliti ndiye mtu mgumu kuliko wote kumcheza, kwa sababu kila mtu anataka kumtupia mawe na hakuna anayetaka kujua aliogopa nini. Wazazi walinuna. Nani anamtuma mtoto shule akasome habari za msaliti?

Sasa ndugu wageni, niruhusuni niwaeleze habari ambayo nusu yenu mnaijua, na nusu nyingine mnaijua vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita Madamu alitunga mchezo wake mwenyewe, uchezwe na wazazi na waalimu kwa sherehe ya kufunga mwaka. Ni habari ya mji wenye ukuta, uliozungukwa na adui. Shujaa anapigana langoni. Ndani kuna mshika funguo, jina lake Malkoro. Malkoro anaahidiwa na adui kwamba akifungua, bibi yake na watoto hawataguswa. Anafungua. Mji unaangamia, na bibi na watoto wanaangamia vilevile.

Shujaa alichezwa na Franck, yule wa mpira, mnamjua. Malkoro alichezwa na Baba Luc wa Kilibula, fundi wa injini za mitumbwi, mtu mpole hata akigongwa nyundo kwenye kidole anaomba msamaha kwa nyundo. Jamani, Luc alicheza! Alipoinua ule ufunguo, mama mmoja alisimama akavua kandambili akamtupia. Watu walilia, watu walilaani. Tulirudi nyumbani tukisema haijawahi kuonekana sherehe kama ile.

Hapo ndipo tabia yetu ilipoingia. Nyinyi mnaijua tabia yetu watu wa hapa. Jina la kuzaliwa tunaliachia kadi ya uchaguzi. Jina la kuitwa tunakupa sisi, na ukishapewa hulirudishi. Kuna mzee mmoja wa Kimanga tulimzika na msalaba ulioandikwa jina alilopewa kwa goli alilofunga ujanani, mpaka wageni kutoka Bukavu wakauliza nani anazikwa. Basi Franck akawa Shujaa, akipita anashangiliwa. Na Luc akawa Malkoro. Malkoro, injini yangu inakohoa. Malkoro, salimia bibi. Mwanzoni yeye mwenyewe alikuwa akicheka.

Kisha zikaja zile siku mbaya. Sitaki kuzieleza, mlikuwepo. Barabara ya bondeni ilifungwa, habari zilikuwa zinakuja vipandevipande, kila mtu alikuwa anamwangalia jirani yake na kujiuliza. Katika siku kama hizo, ndugu zangu, neno msaliti si neno la mchezo. Ni neno linaloua. Mtu mmoja akasema Malkoro alionekana ufukweni akizungumza na watu wasiojulikana. Bila shaka alizungumza nao: mtu anayetengeneza injini za mitumbwi atazungumza na nani, na sambaza, wale samaki wadogo? Lakini mwingine akajibu lisemwalo lipo, na wa tatu akasema hata jina lenyewe, mlimwona siku ile jinsi alivyojua kufungua lango, mtu hawezi kujua hivyo bila kuwa na jambo hilo moyoni. Wateja wakaacha kuleta injini. Vijana wakamzunguka sokoni mchana kweupe, wakamuuliza ufunguo uko wapi. Alitoka pale shati limechanika.

Bibi yake, Mama Mwavita, alikuja hapa shuleni. Nilikuwa katika chumba cha waalimu, nilimsikia. Hakupiga kelele. Alimtaka Madamu aje aliondoe jina lile, kwa maneno haya:

“Madamu, weye ndiye ulimupatia bwana yangu hii jina. Ukuye uitoshe. Batamuua.”

Na Madamu, niwaambie ukweli, alijaribu kwanza njia zetu za kawaida. Alimwomba mchungaji atangaze kanisani kwamba Luc si msaliti. Alimwomba mkubwa wa kartie, wa mtaa wetu, atangaze. Mnajua kilichotokea? Watu waliuliza: kama si kweli, mbona wanatangaza? Tangazo liliongeza moto. Akamwendea Franck, akamsihi: mchezo urudiwe, na safari hii wewe Shujaa umcheze Malkoro, watu wanakupenda, jina litakufa kwako. Franck akasema, “Madamu, minye iko na bibi na batoto.” Simlaumu Franck. Yuko hapa leo, na alinipa ruhusa ya kulisema hili. Madamu aliwauliza waalimu. Aliniuliza na mimi, na mimi nilikuwa ninatafuta chaki chini ya meza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja wetu aliuona mwepesi, na hakuna aliyeuinua.

Basi mchezo ulirudiwa, hapa kwenye kiwanja, mlango wazi, kila mtu aingie bure. Luc tulimkalisha mbele kabisa, pamoja na Mwavita. Na aliyetoka na joho la Malkoro alikuwa mjane mtu mzima, mkubwa wa kwaya, mama aliyewaosha maiti wa nusu ya kartie hii, mama aliyekuwa akitumwa kusemea mahari katika kila nyumba yenye heshima. Madamu Apollinarie mwenyewe.

Tulidhani atacheza kidogo tu, kwa ajili ya kuonyesha. Lo! Alicheza kwa sauti zetu. Alipokuwa anasita mbele ya lango, alisema yale tuliyokuwa tunayasema majumbani mwetu wiki hizo: mimi ni mtu mdogo, nitafanya nini, wacha wengine wapigane, ninawatazama watoto wangu tu. Hakuna aliyetupa kiatu. Mimi nilitamani ardhi inifiche.

Mchezo ulipoisha, alikataa kuvua joho. Alitoka nalo getini, akapita nalo sokoni Kimanga kwa miguu, jua likiwaka. Watoto walimfuata wakipiga mayowe: Malkoro! Malkoro! Kila alipoitwa alisimama, akageuka, akaitika: “Karibu, ni minye. Munasema?” Akawauliza habari za mama zao, akaendelea. Kesho yake hivyohivyo, bila joho, na kanda lake la nyanya mkononi. Ukimwita Madamu hageuki. Ukimwita Mama Apollinarie hageuki. Ukimwita Malkoro anaitika na kukuuliza kama mtoto amepona malaria. Na wale vijana waliomchania Luc shati walijikuta hawana la kufanya. Utamzunguka nani? Utamuuliza ufunguo mwanamke aliyekufundisha kusoma na aliyemvika mama wa baba yako sanda? Jina likaanza kuwaletea watu aibu midomoni. Luc akarudi kuitwa Luc, polepole, kwanza na wavuvi, kisha na jirani zake. Injini zikarudi.

Msidhani alilipata hilo bure. Ndugu zangu, tumsifu mtu kwa yale aliyolipa. Kanisani kwake walimwambia, kwa upole mwingi, kwamba mkubwa wa kwaya hawezi kuitwa jina kama lile sokoni, na wakampa mwingine ile nafasi. Nafasi hiyo aliipenda kuliko mshahara. Familia moja ilikuwa imemtuma kusemea mahari ya binti yao. Wakamtuma mtu mwingine bila hata kumwambia, alisikia vigelegele akiwa njiani kwenda. Hakunung'unika. Mimi nilinung'unika kwa niaba yake, nami naendelea kunung'unika hadi leo, na wahusika wamekaa mstari wa tatu.

Na tangu siku zile, kila mwaka anapogawa nafasi za mchezo, watoto wanagombania shujaa, wanagombania mfalme, wasichana wanagombania yule mwanamke anayeona mbele. Malkoro hakuna anayemtaka. Wazazi wanakataza nyumbani. Kwa hiyo Madamu anamcheza mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na miguu yake ile inayovimba. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu juu ya pensheni hii, na aliniambia: nikienda, jina hili litaanguka juu ya nani? Mji huu ukiogopa tena, litatafuta mtu mmoja mnyonge limkalie. Komite ya wazazi ilikuwa na jibu: mchezo ufutwe kabisa. Bwana Prefe, karatasi hiyo bado iko mezani pako, najua.

Muhula huu aligawa nafasi kwa mara ya mwisho. Alipofika kwa Malkoro, alikuwa ameshaanza kusema kwamba mwaka huu sehemu hiyo itarukwa. Mkono ukainuka nyuma. Ulikuwa mkono wa Déborah. Wageni mnaweza kuwa hamjui: Déborah ni mtoto wa kwanza wa Baba Luc.

Madamu alikataa palepale. Alimwambia, mtoto wangu, kila mtu katika klasi hii isipokuwa weye. Mtoto akashikilia. Madamu akamwambia aende nyumbani, alete jibu la baba yake, akijua jibu litakuwa nini.

Kesho yake jibu lilikuja lenyewe. Baba Luc aliingia katika klasi na nguo za kazi, ananuka petroli, akasimama mbele ya ubao kama mwanafunzi aliyeitwa. Tulikuja waalimu watatu tukasimama mlangoni. Yule mtu hapendi kuongea mbele za watu, wala hata siku moja hajawahi kulitaja jina lile tangu lilipomtoka. Alisema:

“Madamu, minye niliogopa hii jina sababu nilikuwa nayo peke yangu. Kisha weye ulikuwa nayo peke yako. Muache mutoto acheze. Bakimuita Malkoro mu njia, mu nyumba yetu tutaitika bote.”

Madamu Apollinarie, ambaye hakulia walipomnyang'anya kwaya, alikaa kwenye dawati la mtoto akalia mpaka kengele ya mapumziko. Na mikono ikaanza kuinuka katika klasi ile, mmoja baada ya mwingine, watoto wa Katogota, watoto wa Kilibula, watoto wa wafanyabiashara wa kwetu Waislamu, kila mmoja anataka kuwa Malkoro.

Madamu, nenda ukapumzishe miguu. Ulikuwa unaogopa jina hilo litamwangukia nani. Limeangukia klasi nzima, na wamelidaka wakicheka.

Mmenivumilia, nami nawashukuru, kuanzia mheshimiwa hadi walio ukutani. Asanteni kwa kunisikiliza.