Specioza Bartolomeo (1964–2025), Aliyeidai Njia ya Shambani Kwake

Tunayemsindikiza leo ni Specioza Bartolomeo, Mama Queen kwa majirani zake, na "fundi" kwa kila mzazi wa Ilembo aliyewahi kushonea mtoto sare. Alizaliwa tarehe 11 Mei 1964 huko Usevya, Mpimbwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartolomeo na Mama Odeta, wakulima wa mpunga. Alitembea mapema kuliko kaka zake. Alipokuwa na miaka minne alipata homa kali iliyomwacha amepooza miguu yote miwili. Ndugu walikuja kumpa pole Mama Odeta kana kwamba amefiwa. Aliwajibu kwamba mtoto yupo, anakula vizuri, na maswali yake hayajapungua.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Usevya kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akipelekwa kwenye keria ya baiskeli ya baba yake. Siku za shamba la shule, mwalimu alimweka kivulini alinde vibuyu vya maji vya wenzake. Akavilinda kweli. Jua lilipopanda na wenzake wakaja kunywa, aliwaambia kila mmoja aonyeshe kwanza tuta alilomaliza. Mwalimu alipoona foleni ya watoto wenye kiu, alimwondolea ulinzi akampa tuta lake. Alilipalilia akiwa amekaa chini, akijisogeza kwa mikono. Jioni ile alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na mama yake alikataa kumwogesha mpaka baba yake afike amwone.

Mwaka 1983 alijiunga na chuo cha ufundi cha kanisa mjini Sumbawanga, akasomea ushonaji. Mwaka 1986 alihamia Mpanda na kufungua kibanda Ilembo, akitumia cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Suruali zake za shule zilirithiwa na wadogo hadi mtu akasahau mwenye nazo wa kwanza. Aliwafundisha kazi wasichana wengi. Mmoja wao, Skolastika, ndiye anayekiendesha kibanda hicho leo, na ndiye aliyeshona vitambaa vya msiba huu.

Tarehe 24 Juni 1989 alifunga ndoa takatifu na Bwana Zefania, mwashi. Walifahamiana Zefania alipoitwa kutengeneza sakafu ya kibanda. Mlangoni, badala ya ngazi, alijenga mteremko, bila kuagizwa. Marehemu alisema siku zote kwamba hapo ndipo alipomjua mume wake. Zefania, mpaka leo, anasema matofali ya ngazi yalikuwa yamekwisha. Suala hilo halikupatiwa mwafaka katika miaka thelathini na sita ya ndoa yao.

Mwaka 1997 walinunua shamba upande wa Kasokola, la mahindi na karanga. Kwa miaka mingi Zefania alimpeleka kwa baiskeli. Mwaka 2016 marehemu alinunua bajaji, akaifanyia marekebisho ili breki ikae mkononi, na tangu siku hiyo akawa anakwenda shambani peke yake. Waliokuwa naye karibu wanajua kwamba hakuna kitu alichokithamini kuliko hicho. Alikuwa akifika kabla ya wenye miguu, anachagua magugu ya kuanza nayo, anarudi akichoka.

Oktoba 2019 nusura akipoteze kitu hicho. Malori ya mchanga yalikuwa yameichimba njia ya mashambani mpaka ikageuka mfereji, na daraja la magogo likavunjika. Wananchi wa kitongoji wakaitisha mkutano, wakaamua kulitengeneza daraja na kuifunga njia kwa nguzo za zege, zipite baiskeli na pikipiki tu. Marehemu alikaa mstari wa mbele na alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kazi ya kusimika nguzo alipewa Zefania, na nguzo za Zefania huwa hazitikisiki. Zege lilipokauka, marehemu aliwasha bajaji akaenda kuandaa shamba. Ilikwama katikati ya nguzo mbili za mumewe.

Alirudi kinyumenyume hadi barabarani, akaja nyumbani, akamuuliza Zefania alipima kwa kitu gani. Zefania alisema alipima kwa baiskeli.

"Miaka yote hii, baba Queen," alimwambia, "bado unanipima kwa keria."

Mvua zilikuwa zimekaribia, na shamba lisilolimwa upande ule huwa halikosi wa kuliulizia. Marehemu aliomba mkutano wa pili. Laurence, jirani yake wa shamba, alimkumbusha mbele ya watu kwamba mkono aliunyoosha mwenyewe. Marehemu alikubali.

"Niliunyoosha kuzuia malori, Laurence. Bajaji yangu umewahi kuiona na mchanga?"

Watu walicheka, lakini hofu yao ilikuwa ya haki: nguzo zikitanuliwa, malori yatarudi. Mwenyekiti, Mzee Silvesta, akatoa suluhisho aliloliona la kiungwana, kwamba vijana watapangiwa zamu ya kumbeba hadi shambani, na kitongoji kitamlimia. Mkutano ukapiga makofi. Marehemu alisubiri yaishe.

"Nawashukuru, wazee wangu. Ila anayebebwa anafika wanapotaka wabebaji, na anarudi wakitaka. Leo mnanionea huruma mtanibeba. Siku mkinikasirikia, je? Mimi siombi mgongo wa mtu. Naomba njia, kama nyie mlivyo nayo, na sheria ya nchi inanipa."

Walikubaliana nguzo moja ing'olewe na badala yake uwekwe mnyororo wenye kufuli, na ufunguo akae nao yeye. Alilima msimu ule. Lakini Mzee Gideon, aliyepata kiharusi, naye alikuwa na shamba ng'ambo ya nguzo, na Deusdedit, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki, alikuwa ameanza kubeba mazao kwa guta la magurudumu matatu. Wote walilazimika kuja Ilembo kumwomba Mama Queen ufunguo. Septemba 2020 aliurudisha mkutanoni, akauweka mezani. Alisema yeye hakupigania kuwa bawabu, na haki haiwezi kukaa mfukoni mwa mtu mmoja.

Mkutano ukaamua nguzo zisimikwe upya, na safari hii Zefania alipima bajaji na lori kabla ya kuchanganya zege. Nguzo zikasimama palepale zilipo sasa: bajaji na guta hupita bila kugusa, lori halipiti. Dereva mmoja wa mchanga alikuja kuhakikisha. Alihakikisha, akarudi kinyumenyume hadi barabarani, huku wanawake waliokuwa wakivuna karanga wakimwelekeza kwa sauti kubwa na kwa maelekezo yanayopingana. Vitongoji viwili vya jirani vimekwishaweka nguzo kwa kipimo hichohicho.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa hapa Mpanda na baadaye Mbeya, akiwa na Queen pembeni yake. Alifariki dunia nyumbani, Ilembo, alfajiri ya tarehe 12 Novemba 2025.

Ameacha mume, Zefania, watoto wawili, Queen na Benedikto, wajukuu watano, dada yake Agatha, na mafundi aliowalea kama wanawe.

Familia inaomba waombolezaji wazingatie jambo moja. Vijana wamejitolea kung'oa nguzo ili gari la maiti lifike kaburini, kule shambani kwake. Familia inawashukuru, na haitazing'oa. Marehemu alilisema mwenyewe akiwa kitandani, Agatha alipomgusia:

"Gari la maiti nalo ni gari. Mkiling'olea nguzo, la mchanga litafuata nyuma yake."

Kwa hiyo magari yote yatasimama upande wa barabarani. Jeneza litahamishiwa kwenye guta la Deusdedit, nasi tutalifuata kwa miguu. Bajaji zipo kwa wazee, wagonjwa na wenye ulemavu. Hao watavuka pamoja na jeneza hadi kaburini, na hakuna atakayemwomba mtu ruhusa.

Mungu ampe Specioza pumziko la amani katika shamba lake.